Nyumba mpya itazame wapi? Uamuzi wa kufanywa kabla ya kuchimba msingi

Mwenye kiwanja anayejiandaa kujenga huumiza kichwa kwa mambo mengi. Huulizia bei ya saruji, huhesabu malori ya mchanga na kokoto, hulinganisha rangi za bati, na hupita mitaani akitazama nyumba za wenzake ili achague sura itakayompendeza. Swali moja ambalo mara nyingi halimjii ni lile ambalo kulijibu hakuna gharama yoyote: nyumba yenyewe itazame wapi?

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki swali hilo hujibiwa na barabara. Barabara ikiwa magharibi, nyumba nayo hutazama magharibi. Sebule na chumba kikuu cha kulala huwekwa mbele ili vionekane, jiko na choo hurudishwa nyuma, kazi ikaanza. Ni baada ya kuhamia ndipo familia hugundua kwamba chumba cha baba na mama hakilaliki hadi saa sita za usiku, kwamba moshi wa jiko huishia sebuleni, na kwamba pangaboi lililotarajiwa kuleta nafuu linazungusha hewa ileile ya moto. Hapo hununuliwa kiyoyozi, na baada ya kiyoyozi hufuata ankara ya umeme ambayo haitakwisha maadamu nyumba imesimama.

Rangi ya ukuta hubadilishwa, bati hung'olewa na dirisha huweza kupanuliwa. Mwelekeo wa nyumba haubadilishwi. Kwa sababu hiyo ni vyema mwenye kujenga akaelewa mambo mawili yanayouamua, yaani jua na upepo, kabla hajaidhinisha ramani.

Safari ya jua

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima, lakini mahali linapopita adhuhuri huhama kadiri miezi inavyokwenda. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na Oktoba 10, jua la adhuhuri huwa utosini kabisa na mtu akisimama wima kivuli chake humwangukia miguuni. Kati ya Machi na Oktoba, kwa muda wa miezi 7 hivi, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Katika miezi 5 inayobaki huwa upande wa kusini.

Jambo la kuzingatia ni kwamba jua hilo la adhuhuri halishuki sana wakati wowote. Karibu na Juni 21, linapokuwa mbali zaidi upande wa kaskazini, bado huwa digrii 60 juu ya upeo wa macho. Karibu na Desemba 21, linapokuwa mbali zaidi upande wa kusini, huwa digrii 73. Tanga, Zanzibar na Mombasa hazitofautiani sana na hali hiyo.

Maana yake kwa mjenzi ni nyepesi. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini hukutana na jua lililo juu, ambalo huugusa kwa mshazari na huzuilika kwa upenu wa paa. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi hukutana na jua lililo chini, ambalo huupiga uso kwa uso na kupenya dirishani hadi katikati ya chumba. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya nyumba ya ukanda wa joto ni kuilaza ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili kuta zake ndefu zenye madirisha mengi zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zielekee mawio na machweo.

Kanuni hiyo si ya jana. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ulichapisha mwongozo wa kubuni nyumba za gharama nafuu kwa kuzingatia hali ya hewa, wenye majedwali yanayojulikana hadi leo kwa jina la Mahoney. Mbunifu huanza kwa kuandika takwimu za joto, unyevu na mvua za mahali husika, na miongoni mwa majibu ya mwanzo anayopewa na majedwali hayo ni upande ambao nyumba ielekezwe.

Upenu na ukuta wa magharibi

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tofauti ya kuta hizo. Upenu unaotokeza sentimita 60 juu ya ukuta wa kaskazini jijini Dar es Salaam hutoa, adhuhuri ya mwezi Juni, kivuli cha urefu wa takriban mita 1 kwenda chini. Ukiongezwa hadi sentimita 90, kivuli hufika mita 1 na nusu, kiasi cha kufunika dirisha la kawaida lililo karibu na paa. Upande wa kusini mwezi Desemba kazi ni rahisi zaidi, kwani sentimita 60 tu hutoa kivuli kinachokaribia mita 2.

Upenu huohuo ukiwekwa juu ya ukuta wa magharibi haufui dafu. Mwezi Machi au Septemba, saa kumi na nusu alasiri, jua huwa takriban digrii 30 tu juu ya upeo wa macho. Upenu wa sentimita 60 wakati huo hutoa kivuli cha sentimita 35 hivi, ambacho hakifiki hata katikati ya dirisha, na kadiri saa zinavyosonga kivuli huzidi kupanda juu. Hakuna upenu wa kawaida unaoweza kulizuia jua la machweo.

Kuna sababu nyingine inayoufanya upande wa magharibi uwe mgumu kuliko mashariki ingawa jua ni lilelile. Asubuhi jua huikuta nyumba ikiwa imepoa kwa usiku kucha. Alasiri huikuta hewa yenyewe imekwisha kupata joto, paa limepata joto, na ukuta ndio unaongezewa. Ukuta wa matofali ya saruji hauachii joto lake mara moja. Hulifyonza alasiri na kulitoa ndani polepole kwa saa kadhaa baada ya jua kuzama, hivyo anayelala karibu na ukuta wa magharibi hulala na jua la jana mgongoni.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mwelekeo pekee unamaliza kila kitu. Katika nchi zilizo karibu na ikweta paa ndilo linalopokea jua jingi zaidi, na paa halina upande wa kukwepa. Nyumba iliyoelekezwa vizuri lakini yenye bati tupu bila dari itakuwa na joto vilevile. Dari, bati la rangi nyeupe au nyepesi, na matundu ya kupitisha hewa kati ya dari na bati ni sehemu ya mpango huohuo. Nyumba ikilazwa mashariki na magharibi, ncha mbili za paa huelekea pande hizo, na matundu yakiwekwa hapo upepo wa mashariki huingia ncha moja na kutokea ya pili ukiondoa hewa ya moto iliyokusanyika juu ya dari.

Kusi na kaskazi

Jambo la pili ni upepo. Katika mwambao wa Afrika Mashariki hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, na nafuu ya mwili hutokana na hewa inayotembea. Pepo zinazojulikana ni zilezile zilizoendesha majahazi kati ya pwani hii, Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, ambayo ndiyo miezi ya joto kali. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba, na huja na hali ya ubaridi.

Pepo hizo mbili zote hutokea upande wa mashariki, mmoja juu na mwingine chini. Nyumba iliyolazwa mashariki na magharibi haizigeuzii kisogo, kwani kaskazi huukuta ukuta wa kaskazini kwa mshazari, na kusi huukuta ukuta wa kusini vivyo hivyo. Upepo hauhitaji kuupiga ukuta kwa usawa ndipo uingie ndani. Unachohitaji ni mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Chumba chenye dirisha moja tu, hata likiwa kubwa namna gani, hakipitishi hewa. Chumba chenye madirisha mawili kwenye kuta zinazokabiliana, au zilizo jirani, hupata hewa hata upepo ukiwa mdogo.

Aina ya dirisha nayo ina neno lake. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, ambayo yamekuwa fasheni kwa miaka mingi, hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja daima hukaa nyuma ya kingine. Mwenye kuyapenda hana budi kuyafanya makubwa zaidi ili nusu inayofunguka iwe ya kutosha. Madirisha ya vipande vya vioo na yale ya bawaba hufunguka karibu yote.

Wazee wa mwambao waliyaelewa mambo haya bila majedwali. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika Lamu, miji iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na 2001, vichochoro vyembamba vimeachwa kati ya majumba marefu ili nyumba moja iitie nyingine kivuli, kuta ni nene, na baraza za mbele humpa mkaazi mahali pa kupunga upepo jioni. Huko Dodoma, ambako nchi ni kavu na upepo wa mashariki huja na vumbi, tembe la Wagogo lilijengwa fupi kwa kimo, likiwa na kuta na paa la udongo, na mabawa yake yakauzunguka ua ili kuukinga. Kila mahali nyumba iliifuata hali ya hewa ya mahali pake.

Kila chumba na upande wake

Mwelekeo wa jumla ukishaamuliwa, hufuata mpangilio wa vyumba. Kwa mji wa pwani, vyumba vya kulala hufaa zaidi upande wa mashariki. Jua la asubuhi huviondolea unyevu, na usiku huwa vimekwisha kupoa. Sebule hufaa upande wa kaskazini au kusini, ikiwa na kibaraza mbele yake.

Upande wa magharibi wawekewe vitu ambavyo havidhuriki na joto na ambavyo watu hawakai humo kwa muda mrefu, yaani stoo, bafu, choo, ngazi na banda la gari. Vyumba hivyo huwa kama ngao ya nyumba nzima. Jiko nalo lina sababu mbili za kukaa huko. Ya kwanza ni kwamba lenyewe ni chanzo cha joto. Ya pili ni kwamba, kwa kuwa kusi na kaskazi zote hutoka mashariki, moshi na harufu vitokavyo magharibi hupeperushwa nje badala ya kuingizwa vyumbani. Karo la choo lafaa lifuate mantiki hiyohiyo, mradi lisiwe karibu na kisima, chako au cha jirani.

Kwa familia za Kiislamu kuna jambo jingine la kuangaliwa kwenye ramani. Kutoka Dar es Salaam na Zanzibar, kibla kiko karibu kaskazini kabisa. Wengi huchukia choo kinachomfanya mtu akielekee kibla au kukipa mgongo, hivyo sinki la choo huelekezwa mashariki au magharibi. Ni rahisi kulipanga hilo kwenye karatasi, na ni karaha kuling'oa baada ya vigae kubandikwa.

Mwelekeo mzuri huleta faida ya ziada kwa wanaofikiria umeme wa jua. Kwa kuwa Tanzania nzima na karibu nusu ya Kenya ziko kusini mwa ikweta, paneli za jua hutakiwa kutazama kaskazini kwa mteremko mdogo. Paa la nyumba iliyolazwa mashariki na magharibi huwa tayari na bawa zima linalotazama huko.

Kiwanja kinapokuwa na ubishi

Viwanja vya mjini havikupimwa kwa kulifuata jua. Vimepimwa kwa kuifuata barabara, na si kila mmoja atapata kiwanja kinachokubali kanuni hizi bila mabishano. Hata hivyo, mara nyingi kuna nafasi kubwa kuliko mjenzi anavyodhani.

Chukua mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30, ambacho upande wake wa mita 20 unapakana na barabara iliyo magharibi. Mwenyewe anataka nyumba ya mita 9 kwa 14. Mazoea yatamwambia aweke upande wa mita 14 mbele ili nyumba ionekane kubwa. Akifanya hivyo, kwa ukuta wa kimo cha mita 3, atakuwa ameliwekea jua la alasiri ukuta wa mita za mraba 42. Akiigeuza nyumba ili upande wa mita 9 ndio utazame barabara, ukuta huo hupungua hadi mita za mraba 27, pungufu ya zaidi ya theluthi moja, na kuta zake ndefu hupata kaskazini na kusini. Kiwanja ni kilekile, na matofali ni yaleyale.

Pale ambapo umbo la kiwanja haliruhusu kabisa, zipo njia za kupunguza makali. Madirisha ya magharibi yawe machache na madogo. Baraza pana lenye paa lijengwe upande huo ili jua liishie barazani. Matofali yenye matundu yaweza kusimamishwa mbele ya ukuta ili yakate jua na kupitisha hewa. Kwa nyumba ya ghorofa, ikumbukwe kwamba upenu wa paa hukinga ghorofa ya juu tu, hivyo kila dirisha la chini lahitaji kizuizi chake cha zege kinachotokeza juu yake.

Mti pia ni sehemu ya jengo. Mwembe au mwarobaini uliopandwa magharibi ya nyumba hufanya kazi ambayo upenu umeshindwa, kwa kuwa hulizuia jua likiwa chini. Upandwe mbali na msingi na karo ili mizizi isilete madhara, na upandwe mapema. Wenye busara hupanda mti siku wanayonunua kiwanja, ili ujenzi utakapokwisha kivuli nacho kiwe kimeanza.

Nyanda za juu ni hadithi nyingine

Ushauri wa Dar es Salaam usipelekwe Nairobi, Arusha au Mbeya bila kubadilishwa. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Arusha karibu mita 1,400. Huko kati ya Juni na Agosti shida si joto bali baridi, na katika miezi hiyohiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Sebule inayotazama kaskazini, yenye madirisha makubwa na upenu usio mrefu sana, hupata jua wakati linapohitajika. Madirisha ya kusini na kusini-mashariki, unakotoka upepo wa baridi, yafaa yawe madogo na yenye kufungika vizuri.

Nairobi ina tabia yake zaidi. Asubuhi za Julai mara nyingi hufunikwa na mawingu, na jua likitokea hutokea mchana. Dirisha la magharibi linaloogopwa Dar es Salaam huko laweza kuwa ndilo linalokipasha moto chumba kabla ya usiku kuingia. Anayenakili ramani ya nyumba aliyoiona pwani na kuijenga bara, au kinyume chake, hunakili pia matatizo yake.

Kabla ya kamba kufungwa

Hatua za kuchukua si nyingi wala si za kitaalamu mno. Ya kwanza ni kukitembelea kiwanja kwa saa tofauti, asubuhi, mchana na jioni, na ikiwezekana katika msimu wa kaskazi na wa kusi. Kitambaa chepesi kikifungwa juu ya mti mrefu kitaonyesha upepo unatoka wapi, na majirani wataeleza ni dirisha lipi wasilolifungua na ni chumba kipi kisicholalika.

Ya pili ni kuijua kaskazini. Ramani ya upimaji huwa na mshale wa kaskazini, na simu nyingi zina dira, ingawa dira hupotoshwa ikiwa karibu na nondo au gari. Njia ya uhakika isiyohitaji kifaa ni kusimamisha fimbo iliyonyooka saa nne asubuhi, kuweka alama kwenye ncha ya kivuli, na kuchora duara lenye fimbo katikati linalopita kwenye alama hiyo. Alasiri, ncha ya kivuli itakapoligusa tena duara, iwekwe alama ya pili. Mstari unaoziunganisha alama hizo huonyesha mashariki na magharibi, alama ya asubuhi ikiwa ndiyo ya magharibi.

Ya tatu ni kumkabidhi maelezo hayo mbunifu wa majengo aliyesajiliwa, na kumtaka achore mshale wa kaskazini kwenye ramani ya nyumba yenyewe, si kwenye ramani ya kiwanja tu. Ramani za kununua tayari zina hatari hapa, kwani ramani iliyopangwa vizuri ikigeuzwa kulifuata lango, jiko laweza kuhamia mashariki na vyumba vya kulala magharibi, wala mnunuzi asitambue. Mabadiliko yote yafanywe kabla ya maombi ya kibali cha ujenzi kupelekwa halmashauri, na siku ya kupigilia mambo na kufunga kamba za msingi mwenye nyumba awepo mwenyewe, ramani mkononi, ahakikishe kwamba kaskazini ya karatasi ndiyo kaskazini ya ardhini.

Watu wengi hujenga nyumba moja tu maishani, tena kwa akiba ya miaka mingi, tofali baada ya tofali. Siku moja ya kutazama kivuli cha fimbo si muda mrefu kwa nyumba itakayokaliwa na watoto na wajukuu. Majuto ni mjukuu, na katika suala hili mjukuu huyo ndiye atakayelala katika chumba cha magharibi.